Kwa Ayuma, Asiyehitaji Kipanya

Ayuma mama,

Hali sikuulizi, maana nimekuacha nyumbani ukibishana na mama yako kuhusu blanketi la pili, na kwa sauti niliyoisikia nikishuka ngazi, u mzima kabisa. Nimetoka makusudi. Leo Jumapili soko la Kariokor limetulia, vibanda vingi vimefungwa, na mimi nimekaa kwenye benchi langu katikati ya ndara zisizo na kamba, kalamu mkononi. Kule Baba Dogo saa hizi nyumba imejaa akina mama wa kanisa, chai inapikwa, na kila mmoja ana lake la kukuambia kabla hujapanda basi la Kisumu kesho asubuhi. Unajua mdomo wangu hauwezi mambo marefu mbele za watu. Hata peke yetu hauwezi sana.

Kwa hivyo mambo ya neti ya mbu, ya nani wa kumfungulia mlango na nani wa kumwachia nje, hayo namwachia mama yako. Asipoyamaliza leo atayamaliza kwa simu, na utamsikiliza. Mimi nataka kuzungumza nawe habari ya mikono, yako na yangu.

Usijali ukiona wino umetapakaa. Mtu wa shoto akiandika, mkono wake hupita juu ya maneno kabla hayajakauka. Ndivyo barua zangu zote zilivyokuwa, hata zile nilizomwandikia mama yako kabla hatujaoana, na bado alizisoma.

Tulikupa jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita mama. Alikuwa mwanamke wa mikono myepesi, akisuka kikapu huku anakutazama usoni. Kwa hivyo tulipoona umefika umri wa kushika kijiko na kijiko hakikai, nilidhani ni uvivu wa mtoto. Daktari akatueleza kwamba ni mtindio wa ubongo, kwamba umeshika mikono na haukugusa akili. Mama yako akamuuliza, "Itatulia lini?" Daktari akamjibu kwa upole kwamba haitatulia, tutajifunza kuishi nayo.

Nilitoka pale nikimwona daktari huyo kama mtu asiyejua kazi yake. Katika kazi yangu, kitu kisipokaa sawa unakitengenezea kitu cha kukishika. Soli ikicheza, unaongeza kamba. Kamba ikilegea, unatoboa tundu jingine. Nikarudi Kariokor nikakushonea kijiko chenye mpini mnene wa ngozi, na kweli ukaanza kula mwenyewe. Uji mwingine ulienda ukutani na mwingine kifuani, lakini mwingi uliingia mdomoni. Nakumbuka mama yako alikaa sakafuni akakutazama akicheka na kulia. Mimi nilijiona nimemshinda daktari. Nikaendelea hivyo miaka mingi: penseli nikaifunga ngozi, begi la shule nikalitia kamba za kuvuka kifua, viatu nikavigeuza visiwe na vifungo. Kila kitu ulichoshindwa kukishika, mimi nilikuwa na ngozi yake.

Ukapita shule ya msingi hivyo, ukapita sekondari. Mwandiko wako ulipanda na kushuka kama barabara ya kwetu Kakamega wakati wa mvua, lakini majibu yalikuwa sahihi. Walimu wakakuombea muda wa ziada kwenye mitihani, ukapewa, ukafaulu. Ndipo watu wakaanza kuniuliza swali ambalo hukulisikia. Mzee mmoja wa kanisani alinivuta kando akaniuliza, "Sasa huyu atafanya nini?" Hakuwa na nia mbaya. Nilimwambia, "Kompyuta." Nililitoa tu hilo neno, Ayuma. Sikuwa nimewahi kuigusa kompyuta. Lakini nikishatamka kitu mbele ya watu nakifanya, na wiki ile ile nikakupeleka Eastleigh kwa Mwalimu Halima, kwenye kile chumba chake juu ya duka la mapazia.

Siku ya kwanza nilisimama nyuma yako. Wenzako walikuwa wanasukuma vipanya vyao polepole, mishale inakwenda wanakotaka. Wako ulikuwa unaruka huku na huku kwenye skrini kama nzi aliyefungiwa chumbani. Ulikuwa unafungua usichotaka na kufunga ambacho hujahifadhi. Msichana wa kando alijaribu kukushika mkono akuongoze, ukamwambia asante, niache nijaribu. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Hukulia. Ulikula, ukamwosha mdogo wako, ukalala.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kushona kichwani.

Unaikumbuka ile bangili. Ngozi pana ya kuzunguka kifundo cha mkono, ndani nimeshonea vipande vya chuma ili mkono uwe mzito usiruke, na juu yake kamba mbili za kukifunga kipanya kwenye mkono wako. Niliishona Jumapili nzima, nikaitia rangi, nikaipiga msasa ndani. Ilikuwa kazi safi, na hata leo ningeiuza. Nikakufunga asubuhi ya Jumatatu nikakuuliza, "Iko aje?" Ukasema, "Iko sawa, Baba." Ukaenda nayo. Mshale ukapunguza kuruka kidogo. Kila jioni nikakuuliza, na kila jioni ukaniambia iko sawa.

Mama yako ndiye aliyeona. Mlikuwa mnaosha vyombo, ukakunja mikono ya sweta, akaona kifundo cha mkono kimechubuka mpaka kimekuwa chekundu chote. Mimi nilikuwa mlangoni navua viatu, hamkujua nimefika.

"Nini hii?" akakuuliza.

"Ni kitu kidogo tu."

"Ni ile bangili. Kwa nini usimwambie baba yako?"

Ukachukua sahani nyingine, ukasema, "Aliishona Jumapili nzima."

Nilivaa viatu vyangu tena nikatoka nje. Nilizunguka mpaka karibu na viwanda, nikarudi, nikazunguka tena. Nataka sasa nikwambie nilichokuwa nikikifikiria kule nje, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Nilipokuja Nairobi kutoka Kakamega nilikuwa kijana kuliko ulivyo sasa. Nilipata nafasi ya kujifunza kazi hapa Kariokor kwa fundi mmoja mkali, marehemu sasa. Kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza unene wa ngozi pembeni, na kisu cha kazi hiyo kimenolewa upande mmoja tu, upande unaomfaa mtu wa mkono wa kulia. Mimi nilikishika kwa kushoto, na kila mara kisu kikawa kinazama badala ya kuteleza. Nikaharibu ngozi. Nikajikata kidole gumba, ile alama unayoijua ambayo siku zote nimewaambia ni ya mlango. Nikajilazimisha kutumia mkono wa kulia, nikawa naharibu zaidi. Wenzangu wakasema huyu Mluhya hana mikono ya kazi hii. Sikusema neno. Niliogopa fundi ataona namletea masharti, na mimi ndiye niliyeomba nafasi. Niliendelea hivyo karibu mwaka.

Siku moja fundi akasimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Akauliza, "Wewe ni wa shoto?" Nikasema ndiyo, nikingoja kufukuzwa. Akasema, "Na mbona hukusema?" Akachukua kile kisu, akaenda kwenye jiwe, akakinoa upande wa pili. Hakuchukua muda hata wa kunywa chai. Akanipa. Ngozi ya kwanza niliyoipunguza siku hiyo ilitoka nyembamba na laini hata akaionyesha kwa jirani yake wa kibanda. Sikuwa nimebadilika kitu, Ayuma. Kidole kilikuwa kile kile, hata kidonda hakikuwa kimepona. Kisu ndicho kilichogeuzwa.

Sasa fikiria mtu aliyepitia hayo, halafu akamfunga binti yake chuma mkononi ili mkono ufanane na kipanya. Ndicho nilichokuwa nikikizungukia kule viwandani. Nilirudi nikaikuta bangili kwenye meza, nikaitia kwenye mfuko wa takataka, na asubuhi nikakusindikiza Eastleigh mwenyewe.

Mwalimu Halima alitusikiliza akiwa amesimama, ule mtandio wake mrefu umemfunika mpaka magotini. Akaniambia, "Mzee, mimi nilidhani ni hospitali iliyompa hicho kitu. Ningejua ni wewe ningekwambia zamani." Halafu akachomoa waya wa kipanya nyuma ya mashine, akakitia kwenye droo.

Nikashtuka. "Sasa ataendeshaje?"

"Hapa vipanya vinaibwa kila muhula," akasema. "Muhula mmoja nilifundisha darasa zima bila hata kimoja. Ayuma, keti. Bonyeza Tab."

Ukabonyeza. Kwenye skrini kivuli kikahama kutoka neno moja kwenda jingine.

"Tena."

Kikahama tena. Mkono wako ulikuwa unatetemeka vile vile, lakini kivuli hakikutetemeka. Kilikaa mahali pake kikikungoja. Mwalimu akakuonyesha vitufe vya mishale, Enter ya kukubali, Escape ya kujitoa, jinsi ya kufungua orodha kwa Alt. Ulifungua barua, ukaifunga, ukaifungua tena. Ukageuka ukaniangalia na uso ambao nilikuwa sijauona tangu siku ya kijiko. Ukaniambia, "Baba, si unaona? Haikimbii."

Kilichobaki kigumu ni zile amri za vitufe viwili kwa pamoja. Control na S ili kuhifadhi, Control na C ili kunakili. Kidole kimoja kikishika, cha pili kikienda, cha kwanza kinaruka. Ulijaribu mpaka jasho likakutoka. Mimi mikono yangu nilikuwa nimeikalia, kweli kabisa, nimeiweka chini ya mapaja ili isiende kukusaidia.

Ndipo ilipotokea ile kelele. Ulikuwa unatafuta herufi kubwa, kidole kikawa kinaigonga Shift bila kukusudia, ikagongeka mara tano mfululizo. Mashine ikalia. Kisanduku kikajitokeza katikati ya skrini. Ukarudisha mikono kifuani haraka ukasema, "Nimeiharibu." Nami nilishaanza kufikiria nitakavyomwomba Mwalimu msamaha.

Yeye akainama akasoma. Akasoma tena kwa sauti, akitutafsiria: kompyuta inauliza kama unataka vitufe vishikilie vyenyewe, ili ubonyeze kimoja, uachie, halafu ubonyeze kingine, nayo ihesabu kama umebonyeza vyote pamoja.

"Miaka yote hii mimi hukifunga hiki kisanduku kwa hasira," Mwalimu akasema. "Sijawahi kukijibu."

"Tukijibu," ukasema wewe.

Ukabonyeza Enter. Ukagonga Control, ukaachia, ukapumua, ukagonga S. Barua ikahifadhiwa. Mwalimu Halima akapiga makofi, na wale wanafunzi wengine wakageuka wasijue kuna nini. Wewe ulicheka mpaka ukashika meza. Yale matetemeko tuliyokuwa tunayapiga vita tangu utotoni ndiyo yaliyokibishia hodi kile kisanduku. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa hapa kwenye benchi. Kuna mtu, sijui wapi, alikaa akawaza kwamba siku moja mtu mwenye mikono kama yako ataigusa mashine hii, akamwekea mlango mahali ambapo mkono wake ungefika wenyewe. Ningependa kumpa mtu huyo jozi ya viatu.

Jioni ile njiani nilikuuliza kitu ambacho kama baba nilipaswa kukuuliza miaka mingi kabla. Nilikuuliza, "Kuna kitu unataka nikutengenezee, au niache?"

Ulifikiri tukavuka barabara mbili. Ukasema, "Vidole bado vinateleza kwa herufi za jirani. Unaweza kutengeneza kitu. Lakini usikifunge kwa mkono wangu, Baba. Kifunge kwa kibodi."

Unaweza kuwa umesahau ulivyosema. Mimi sijasahau. Nilipima ile kibodi kama ninavyopima mguu wa mteja wa heshima. Nikachukua ngozi ngumu ya soli, nikatoboa tundu juu ya kila kitufe, kidole kiingie kwenye tundu kikute herufi moja tu, kikitaka kuteleza kikutane na ngozi. Ile ya kwanza ulisema matundu ni madogo. Ulisema siku hiyo hiyo, bila kuzunguka, nami nikafurahi kuliko kama ungeisifu. Ya pili ikakaa. Ukaenda nayo kwa Mwalimu Halima, ukamaliza cheti, ukaenda nayo chuoni, ukamaliza diploma, ikawa nyeusi na laini kwa mikono yako. Wateja walioiona hapa waliniuliza ni kiatu cha aina gani.

Sasa tufike siku ya mahojiano ya kazi, kule Westlands. Uliondoka alfajiri na ile suti ya buluu aliyokushonea mama yako. Mimi, nimeshavaa aproni ya kazi, nikapita chumbani kwenu nikitafuta chaja, nikaiona ngozi iko juu ya meza.

Nikaichukua. Sikumwambia hata mama yako. Nilipanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, na mtu anayenijua anajua sipandi boda. Nilifika kwenye lile jengo la vioo natokwa na jasho, nina aproni ya kazi bado, nimeikumbatia ngozi kama mtoto. Msichana wa mapokezi akaniangalia, lakini akawa mwema, akakuita. Ukatoka.

"Baba? Kuna nini nyumbani?"

"Umesahau hii."

Uliiangalia. Ukaniangalia mimi, aproni, viatu vyenye gundi. Ukanishika mkono ukanivuta kando karibu na dirisha.

"Sijaisahau," ukasema. "Nimeiacha."

Sikuelewa. Ukanieleza polepole kwamba kuna mpangilio mwingine wa kompyuta, unashikilia Shift ya upande wa kulia kwa muda, na mashine inaanza kupuuza kidole kilichogusa kwa bahati mbaya na kungoja kile kilichokusudia. Kwamba umekuwa ukiutumia tangu mwaka wa mwisho wa chuo. Kwamba unaweza kukaa kwenye kompyuta yoyote, ya ofisi yoyote, ukaipanga mwenyewe bila kubeba chochote.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

Maneno yakanitoka kama yalivyomtoka yule fundi. Nawe ukainamisha kichwa kama siku ile ya vyombo. "Nilikuwa natafuta namna. Nilijua unaipenda."

Ayuma, nilitaka kukwambia kitu cha maana pale. Nilichosema ni, "Rudi ndani, watakungoja." Ukaingia. Nami nikakaa kwenye kiti cha mapokezi, ngozi magotini. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Iliuma kama inavyouma unapovuliwa mzigo uliouzoea. Halafu, nikiwa bado nimekaa, ikaacha kuuma, na kitu kingine kikapanda. Nilikuwa nimemlea mtu anayeweza kuingia chumba asichokijua, mikono mitupu. Nilijikuta nacheka peke yangu. Msichana wa mapokezi akaniletea maji.

Kupitia kioo niliwaona watatu wamekuzunguka na wewe umekaa mbele ya kompyuta yao. Nilikuona ukiandika. Halafu nikaona umesimamisha kazi. Kijana mmoja akainama, akanyoosha mkono kuelekea kipanya, na wewe ukainua kiganja kumzuia. Hapo nilisimama, nikarudi kukaa.

Ulinieleza baadaye tukila chapati na maharagwe pale kibandani. Kumbe programu yao, ile ya kuandikisha wagonjwa hospitalini, ilikubali Tab kila mahali isipokuwa kitufe cha mwisho, kile cha kutuma. Tab inakiruka kama hakipo. Kijana akasema, "Usijali, wacha nikubonyezee hicho kimoja." Nawe ukamjibu, "Asante sana. Lakini nikipata hii kazi, utakuwa unakuja kunibonyezea kila siku?" Alicheka, ukacheka pia, ndivyo ulivyonieleza. Halafu ukafungua mipangilio, ukazigeuza zile namba za upande wa kulia wa kibodi ziwe za kusukuma mshale, ukausukuma kidogo kidogo mpaka juu ya kitufe, ukabonyeza namba tano ili kukibofya, fomu ikaenda. Ukawaambia, "Mimi nimefika kwa sababu nimezoea. Nesi aliyeumia mkono hatafika. Mkirekebisha hicho kitufe, kila mtu atafika."

Yule kijana ndiye aliyekuwa amekitengeneza. Alivuta kiti akakaa kando yako akasema, "Nionyeshe tena." Mkakaa mpaka wale wengine wakaenda kula.

Uliomba kazi ya kuingiza rekodi. Walipokupigia, walikupa nyingine: kwenda ofisi yao ya Kisumu, kuzijaribu programu zao kabla hazijafika kwa watu, useme zinakofunga mlango. Hukunipigia simu kunieleza. Ulikuja mwenyewe mpaka hapa, ukasimama hapo mbele ya benchi, ukasema, "Baba, ni Kisumu." Nilikuwa nakata soli, nikakata zaidi ya mstari. Soli hiyo ninayo bado, haifai kiatu chochote. Jirani yangu Musa akauliza kuna nini, nami nikamwambia kwa sauti ambayo soko zima lilisikia kwamba binti yangu anaenda kuwafundisha watengeneza kompyuta kazi. Ukasema, "Baba, tulia, si hivyo." Sikutulia. Siku hiyo niliwaambia hata wateja ambao walikuja kuuliza bei tu.

Basi hayo ndiyo ninayotaka ubebe, na ukiyaona mengi yaache mengine. Mara mbili umevumilia kitu kwa sababu ya kunihurumia, mara moja ngozi ikakuchubua, mara ya pili ukakaa na habari njema mwaka mzima bila kuisema. Umelitoa kwangu hilo, maana nami nilikatwa na kisu mwaka mzima nimenyamaza. Huko uendako utapewa viti visivyokufaa, milango mizito, na watu wema sana walio tayari kukubonyezea. Wengine watakuwa wamefanya kazi Jumapili nzima kwa ajili yako. Waambie tu. Mtu mwema hatavunjika kwa kuambiwa ukweli. Mimi nimeambiwa, na unaona bado nakaa kwenye benchi langu nikila vizuri.

Na siku ambayo utahitaji mkono wa mtu, uombe pia, bila aibu. Nimekuona ukiogopa kuomba kwa sababu umepigania sana kufanya peke yako. Ulijua kusema "kifunge kwa kibodi." Huko kulikuwa kuomba, na kulikuwa kukataa pia, kwa pumzi moja. Endelea kuongea hivyo.

Nakuonea fahari, mama. Nimeliandika hapa kwa sababu kesho steji kutakuwa na makelele, mama yako atakuwa analia, mdogo wako atakuwa anadai zawadi ya samaki, na mimi nitakuwa naangalia magurudumu ya basi kama mtu anayetaka kuyanunua.

Nitakuja. Nitasimama karibu na mlango wa basi, mikono nyuma. Lile begi lako kubwa sitaligusa. Ukitaka kulipandisha mwenyewe, chukua muda wako, dereva atangoja, nitamwambia mimi. Na ukiona ni zito, geuka tu uniite.

Baba yako,
wa Kariokor